Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kuwaelewa wanafunzi wapya wa chuo na dunia waliyokulia

Kila msimu wa kupokea wanafunzi wapya maswali ni yale yale, yanatoka kwa wahadhiri, washauri wa wanafunzi, watu wa maktaba, wazazi, na mara nyingine kwa wanafunzi wenyewe ambao wamechoka kusemwa. Nimeyakusanya hapa na kuyajibu jinsi ninavyoyaona. Hesabu za umri humu nimezifanya kwa mwanafunzi anayeingia chuo 2025 akiwa na miaka 18, yaani mzaliwa wa 2007, ukiwa na darasa la mwaka mwingine we sogeza tu miaka.

Hivi kuna haja gani ya kujua wamekulia dunia gani? Si waje wasome tu kama sisi tulivyosoma?

Haja ipo, na ni ya darasani kabisa, sio ya kuwabembeleza. Mtu anafundisha kwa mifano, na mifano anaitoa kwenye maisha yake, sasa kama mfano wako unategemea kitu kilichoisha kabla hawajazaliwa basi umewapa mambo mawili ya kuelewa badala ya moja, somo lenyewe na huo mfano wako. Na hawatakwambia. Mwanafunzi wa wiki ya pili hanyooshi mkono mbele ya ukumbi mzima kusema hajui Umoja wa Kisovyeti ulikuwa nini, anaandika tu alichosikia akatafute baadaye, au asitafute, na wewe unatoka ukijua umeeleweka.

Alafu kuna upande wa pili ambao kwangu ndo mzito zaidi. Ukijua kipi kilikuwa cha kawaida kwao tangu utotoni na kipi hawakuwahi kuonyeshwa, unaacha kuita uvivu kitu ambacho ni kutofundishwa. Ukiwa umesimama mbele ya darasa hayo mawili yanafanana sana, na mwanafunzi aliyeitwa mvivu kwa jambo ambalo hajawahi kufundishwa anaweza kupotea kimyakimya muhula wa kwanza tu.

Sasa naanzia wapi kuijua hiyo dunia yao?

Anzia kwenye kutoa. Chukua mwaka wa kuingia chuo, toa 18, alafu kwa kila tukio au kifaa jiulize: kilikuwepo kabla hajazaliwa, au kilimkuta ana umri gani? Umri ndo kila kitu hapa. Kilichokuwepo kabla yake hakimshangazi hata kidogo, hajui kama kuna siku watu waliishi bila hicho. Kilichomkuta ana miaka minne anakikumbuka kama sehemu ya nyumbani. Kilichomkuta kati ya miaka 12 na 17 ndo kinamgusa kwa kina, maana ni umri ambao mtu anaanza kuitazama dunia kwa macho yake mwenyewe na sio ya mzazi.

Tufanye kwa mzaliwa wa 2007. Wikipedia ilianza Januari 2001, YouTube 2005, kwa hiyo hajawahi kuishi siku ambayo hazipo. Pluto iliondolewa kwenye sayari Agosti 2006 kwenye mkutano wa Umoja wa Kimataifa wa Astronomia kule Prague, kwake sayari zimekuwa nane tangu azaliwe. iPhone ya kwanza ilitoka mwaka wake wa kuzaliwa. Lehman Brothers, benki kubwa ya Marekani, inafilisika Septemba 2008 na uchumi wa dunia unayumba, yeye bado anajifunza kutembea na kuongea. WhatsApp 2009, ana miaka 2. Instagram 2010, ana 3. TikTok inasambaa duniani 2018, ana 11. Shirika la Afya Duniani linasema corona sasa ni janga la dunia, 11 Machi 2020, ana 12 au 13. ChatGPT, programu ya akili mnemba (AI) inayojibu maswali na kuandika, inafunguliwa kwa watu wote 30 Novemba 2022, ana 15. Ukiiandika hivi kwenye karatasi moja utaona kitu ambacho hakionekani kirahisi, kwamba mambo mawili makubwa ya dunia yake yameangukia pale pale kwenye miaka ya sekondari, corona mwanzoni na akili mnemba katikati.

Baada ya hapo fanya na hesabu yako wewe, hii kwa maoni yangu inafungua macho kuliko zote. Ukuta wa Berlin ulifunguliwa 1989, miaka 18 kabla hajazaliwa. Kama wewe ni wa 1975, miaka 18 kabla yako ni 1957, mwaka Ghana ilipopata uhuru na Wasovyeti wakarusha Sputnik, setilaiti ya kwanza. Jiulize uhuru wa Ghana ulikuwa na uzito gani moyoni mwako ulipokuwa na miaka 18. Uliusoma, uliuheshimu, pengine uliujibia mtihani, ila haukuwa kumbukumbu yako. Basi Berlin kwao iko hapo, na Mandela kutoka gerezani 1990 yuko hapo hapo. Hata Septemba 11, 2001, ambayo wengi wetu tunakumbuka tulikuwa wapi siku ile, kwao ni sura ya kwenye kitabu, ilitokea miaka sita kabla yao.

Kuna ile orodha ya Wamarekani ya kila mwaka, "hawa wanafunzi hawajawahi kuona hiki wala kile". Inasaidia?

Ile ilianzia chuo cha Beloit, jimbo la Wisconsin, mwaka 1998, ikajulikana sana kupitia Ron Nief na Tom McBride ambao waliiandaa kwa miaka mingi, na 2019 ikahamia chuo cha Marist kule New York. Nia ilikuwa kuwakumbusha walimu waangalie mifano yao isije ikawa imepitwa na wakati. Nia nzuri kabisa na mimi naiunga mkono.

Shida ni vile orodha za namna hii zinavyosomwa. Mtu anachukua orodha ya walimu anaigeuza kuwa kipimo cha wanafunzi, "yaani hawa hata kaseti hawaijui", watu wanashangaa, wanasikitika kidogo, basi. Hujapata kitu cha kufanyia kazi. Orodha ya wasivyovijua inakueleza wewe umetoka wapi, haikuelezi wao wako wapi. Kama unataka kuandika orodha andika iliyogeuzwa, ya vitu wanavyovijua wao na wewe huvijui, na hiyo huwezi kuijaza peke yako, lazima uwaulize.

Tena orodha inajengwa na mwandishi mwenye maisha yake. Ikiandikwa na mtu wa nchi moja inabeba vipindi vya televisheni vya nchi hiyo, wanasiasa wa nchi hiyo, na darasa lako saivi lina watoto wa kila aina, kuna aliyepata simu yake ya kwanza akiwa na miaka 9 na kuna aliyeipata wiki ya kuripoti chuoni.

Wanaitwa nani hasa? Gen Z, Zoomers, kizazi gani?

Jina linalotumika sana ni Gen Z. Kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilichukua waliozaliwa kuanzia 1997 na wengi wanafunga mlango 2012, waliotangulia 1981 hadi 1996 ndo milenia. Lakini usiishike sana hiyo mipaka. Pew wenyewe walitangaza 2023 kwamba watakuwa waangalifu zaidi na haya majina ya vizazi, kwa sababu mistari inachorwa na watu na aliyezaliwa Desemba 1996 hana tofauti na wa Januari 1997.

Kwa kazi ya chuo jina halina msaada mkubwa. Mzaliwa wa 1997 na wa 2007 wote wanaitwa Gen Z, ila yule wa kwanza corona ilimkuta ana miaka 22 au 23, pengine ameshamaliza digrii, huyu wa pili ilimkuta mwanzoni mwa sekondari. Hao sio watu wa uzoefu mmoja. Mwaka wa kuzaliwa unakupa zaidi kuliko jina.

Lakini si ujana tu huu? Kila kizazi kimelalamikia vijana wake.

Swali zuri na watafiti wana namna ya kulijibu, wanatenganisha vitu vitatu. Kuna umri: vijana wa miaka 18 kila zama wanachelewa kulala na kuchelewa kuamka, hiyo ni mwili, saa ya ndani inasogea mbele wakati wa balehe, haina uhusiano na kizazi. Kuna kipindi: mambo yanayomkuta kila mtu aliye hai kwa wakati mmoja, mfano saivi karibu hamna anayekariri namba za simu, sio vijana peke yao, na wewe pia. Alafu kuna kizazi chenyewe, yaani jambo lililowakuta wao kwa umri fulani na linabaki nao hata wakizeeka, kama vile kukosa mwaka wa darasa ukiwa na miaka 13.

Sasa ukiona tabia usikimbilie hilo la tatu. Mengi tunayosema "Gen Z wako hivi" ukiyachunguza ni umri au ni kipindi. Umakini wa darasani umeshuka? Angalia kikao cha wahadhiri watu wangapi wanachungulia simu.

Na Karl Mannheim, mwanasosholojia aliyeandika kuhusu vizazi mwaka 1928, alishasema jambo ambalo bado watu wanalisahau: kuzaliwa mwaka mmoja hakutoshi kuwafanya watu kizazi, lazima wapitie pamoja jambo lile lile, na hata wakilipitia, makundi tofauti ndani yao yanalitafsiri kila moja kivyake. Darasa lako lina wenye umri mmoja na misimamo inayopingana kabisa juu ya dini, siasa, ndoa, kila kitu. Ukisema "kizazi chenu mnaamini" umeshamkosea nusu ya darasa.

Wamezaliwa na simu mkononi, basi kompyuta si wanaijua kuliko sisi?

Hapana, na hapa ndo penye madhara makubwa kuliko sehemu yoyote, ngoja nikae kidogo.

Tangu mwaka 2001 Mmarekani Marc Prensky alipowaita vijana wazawa wa dijitali, vyuo vingi viliishi na imani kwamba anayekua na vifaa anavijua vifaa. Utafiti wa kimataifa wa ICILS wa 2018, ambao unapima wanafunzi wa darasa la nane katika nchi kadhaa, ulikuta kwamba kukua na vifaa peke yake hakumpi mtu ujuzi wa juu, na ni kama asilimia 2 tu waliofika ngazi ya juu kabisa, ile ya kutafuta taarifa na kuipima kwa akili yako mwenyewe. Kutumia sana na kujua sana ni vitu viwili.

Chukua mfano wa mafaili. Walimu wa sayansi na uhandisi sehemu mbalimbali wamekuwa wakikutana na mwanafunzi mwerevu kabisa ambaye ukimwambia fungua faili lililo ndani ya folda flani haelewi unaongelea nini. Sio mjinga. Simu na huduma za kuhifadhi mtandaoni zimemfundisha kwamba kitu hakikai mahali, unakitafuta kwa jina kinakuja, na kwa maisha yake yote njia hiyo imefanya kazi vizuri tu. Sasa anafika kwenye programu ya takwimu inayodai aandike njia ya faili neno kwa neno na anakwama, anaona aibu, na wewe unaona ajabu. Dakika 20 za kuonyesha folda zinavyokaa ndani ya folda, mwanzoni mwa muhula, zinaokoa wiki nzima za watu kupoteza kazi zao.

Vile vile kuandika kwa kibodi. Kuna wanaoandika haraka sana kwa vidole gumba na laptopu inawachelewesha, na kuna walioandika insha nzima kwenye simu kwa sababu hiyo ndo kompyuta pekee waliyokuwa nayo. Ukiweka mtihani wa kompyuta wa muda mfupi ujue unapima na hilo pia bila kukusudia.

Upande mwingine wana ujuzi ambao chuo hakiupimi. Kukata video, kuelezea jambo kwa sekunde 60 likaeleweka, kujifunza ufundi wowote kwa kutazama na kurudia, kuendesha grupu la watu mia wasioonana, kujua kwamba picha inaweza kuwa ya kutengenezwa. Mpe mwanafunzi asaimenti inayogusa hayo alafu mpeleke taratibu kwenye yale asiyoyajua, utaona anavyokwenda.

Mbona hawasomi imeili? Na ukiwapigia hawapokei.

Kwao imeili ni mahali pa risiti, matangazo na kubadilisha pasiwedi. Watu wao wa maana hawajawahi kuwaandikia huko, kwa hiyo hawana mazoea ya kuifungua kila siku, na hamna aliyekaa nao akasema kuanzia leo chuo kinaongea na wewe kupitia hapa. Waambie hivyo, kwa maneno hayo hayo, siku ya kwanza, na uwaambie mara ngapi kwa siku wafungue. Kichwa cha ujumbe kiseme jambo lenyewe, "Mtihani umehamia Alhamisi", sio "Tangazo".

Kuhusu kupiga simu, wengi wao simu isiyotarajiwa wanaichukulia kama habari mbaya au mtu wa kuwasumbua. Watatuma voisi ya dakika nne bila wasiwasi ila kupokea simu ya papo hapo wanashtuka. Tanguliza meseji, "naomba nikupigie saa nane kuhusu usajili wako", watapokea. Na kama kazi wanayosomea itawadai kuongea na wateja au wagonjwa kwa simu basi wafundishwe na wafanyishwe mazoezi.

Wanaokuandikia "mambo mwalimu naomba notsi" bila jina wala somo wengi hawakudharau, ndo namna ujumbe unavyoandikwa huko walikotoka. Waonyeshe mfano mmoja wa barua unayotaka kupokea.

Kila wiki nakaa ofisini kwa ajili yao hakuna anayekuja.

Wengi hawajui zile saa ni za nini. Kuna mwanafunzi anayesoma "saa za ofisi" mlangoni akaelewa kwamba huo ndo muda wa mwalimu kufanya kazi zake asisumbuliwe. Hasa yule ambaye ni wa kwanza kwenye ukoo kufika chuo, hana kaka wala shangazi wa kumwambia mambo haya, na anachokiogopa kuliko kufeli ni kuonekana hakustahili kuwepo. Andika mlangoni na kwenye mtaala: muda huu ni wa nyie kuja kuniuliza, hata kama swali halijakaa sawa. Kwenye wiki tatu za mwanzo waite wawili wawili au watatu watatu, dakika kumi zinatosha, akishavuka ule mlango mara moja kurudi ni rahisi.

Corona imeshapita, bado tunaitumia kama sababu?

Kwa darasa hili bado ipo ndani yao hata kama hawaitaji. UNESCO ilihesabu kwamba shule zilipofungwa kwa wingi 2020 wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 walikuwa nje ya madarasa. Kuna nchi walikaa nje wiki chache, kuna nchi karibu miaka miwili, kuna waliosomea kwenye skrini na kuna ambao hawakusoma kabisa. Kwa hiyo swali sio kama iliwagusa, ni iliwakuta wapi.

Mzaliwa wa 2007 ilimkuta kwenye 12 au 13, ule umri wa hesabu kuanza kuwa na herufi, sehemu za namba (kama nusu na robo), uwiano, vitu ambavyo kila kinachofuata kinajengwa juu yake. Ndo maana unaweza kukutana na mtu ana alama nzuri za kumalizia sekondari ila ana shimo mahali pa ajabu, anafanya kalkulasi lakini anasitasita kwenye sehemu za namba za kawaida. Pima mapema, jaribio fupi lisilo na alama, alafu wape mahali pa kuziba bila kuwaaibisha.

Na kuna la kukaa na watu. Umri ule ndo watu wanajifunza kugombana na kupatana uso kwa uso, kukaa na usiyempenda, kusoma sura ya mtu. Baadhi walifanya hayo yote kwa maandishi. Kazi za vikundi zinawawia ngumu na sio kwamba hawapendi watu, wanawatamani watu sana kwa kweli, ila hawajui pa kuanzia, kwa hiyo usiseme tu "jigaweni", panga wewe makundi, toa majukumu, eleza wafanye nini mmoja asipoleta sehemu yake.

Akili mnemba: wote wanaibia?

Sio wote, na kwao mstari hauko pale unapodhani uko. Kumbuka ana 15 chombo kinatoka, kwa hiyo sekondari ya juu yote amesoma nacho kikiwepo. Mwalimu mmoja alikipiga marufuku, mwingine alikitumia kuandaa somo, wa tatu hakusema kitu. Anafika chuo hajui sheria ni ipi, na kama na nyie kila kozi ina lake na hamna aliyeandika popote, ataendelea kubahatisha.

Andika kwa kila asaimenti, sio kwa kozi nzima tu: hapa unaruhusiwa kuitumia kutafuta mawazo, hapa kurekebisha lugha, hapa hairuhusiwi kabisa, na sababu ni hii. Sababu ina nguvu kuliko katazo. Mwanafunzi akielewa kwamba insha hii ipo ili yeye ajifunze kupanga hoja na sio ili wewe upate insha, wengi wanaelewa. Muulize kwa mdomo dakika tano juu ya alichoandika. Na usitegemee zile programu zinazodai kugundua maandishi ya mashine, zinakosea, na anayeandika kwa lugha ambayo sio yake ya kwanza ana hatari zaidi ya kusingiziwa. Hilo la kumsingizia mtu wa mwaka wa kwanza naliogopa kuliko la kumkosa mmoja aliyeibia.

Kila siku stresi, wasiwasi, afya ya akili. Hawa si dhaifu?

Shirika la Afya Duniani linasema kijana mmoja kati ya saba wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili. Kwenye darasa la 70 hao ni kama kumi. Unachokiona leo ni mchanganyiko, kuna kuongezeka kweli kwa shida sehemu nyingi, na kuna watu kuweza kusema kile ambacho sisi tulikificha. Watafiti bado wanabishana mitandao ya kijamii inachangia kiasi gani na sitajifanya nimeumaliza ubishi.

Ninachokijua ni kwamba wamekua wakisikia maneno haya yakitamkwa wazi, kwa hiyo anaweza kukwambia "nina wasiwasi" kwa namna ile ile angekwambia ana homa. Wakati mwingine anamaanisha ugonjwa, wakati mwingine anamaanisha kesho kuna presentesheni. Huhitaji kuamua wewe ni kipi. Sikiliza, usicheke, muulize anahitaji nini leo, na ujue jina la ofisi ya ushauri ya chuo na ikiwezekana umsindikize mpaka mlangoni badala ya kumpa namba. Dedilaini inaweza kubaki pale pale na bado ukaongea na mtu kwa utu.

Wanawaza nini kuhusu kazi na maisha?

Pesa inawasumbua mapema kuliko tunavyodhani. Hawakumbuki mtikisiko wa 2008 ila wengine walikulia nyumba ambazo zilikuwa bado zinauguza madonda yake, alafu wakaona 2020 watu wazima wanapoteza kazi kwa wiki moja. Kwa hiyo swali "hii digrii itanifikisha wapi" wanaliuliza wiki ya kwanza na sio dharau kwa elimu. Jibu kwa ukweli, waonyeshe waliopita kozi hiyo wanafanya nini. Wengi wana kazi ya pembeni mtandaoni tayari, anauza kitu, anatengeneza picha, anahariri video, na hawaoni kwa nini kazi iwe moja.

Mabadiliko ya tabianchi kwao sio habari mpya, Mkataba wa Paris wa kupunguza ongezeko la joto duniani ulipitishwa Desemba 2015 wana miaka 8, migomo ya wanafunzi iliyoanzishwa na Greta Thunberg Agosti 2018 iliendeshwa na watu waliowazidi miaka michache tu. Kuna waliochomwa moyo na hilo na kuna wasiolijali, usidhanie.

Na wazazi? Mbona siku hizi wanapiga simu chuoni?

Kwa sababu hawajawahi kuachana na mtoto hata siku moja, wako kwenye grupu moja la familia asubuhi mpaka usiku. Kijana akipata alama mbaya saa tano mama anajua saa tano na dakika mbili. Usimuone mzazi kama adui, ila muelekeze: matokeo ni ya mwanafunzi, maswali aulize mwanafunzi. Na wewe mzazi unayesoma hapa, akikupigia analia kuhusu kozi muulize kwanza "umeshaongea na mwalimu wako?" kabla hujachukua simu wewe.

Mimi ndo mwanafunzi mwenyewe. Mbona mnatujadili kama hatupo?

Una haki kabisa kuuliza hivyo mdogo wangu. Maelezo haya ni ya kumsaidia mtu aliyekutangulia miaka 25 asikuhukumu haraka, na hayakufungi wewe. Kama humu kuna kitu hakikuhusu basi hakikuhusu. Na ninachokuomba ni kimoja, mwalimu akitoa mfano usioujua uliza pale pale, sema tu "huo mfano siujui". Nusu ya waliokuzunguka watashusha pumzi.

Wiki ya kwanza nifanye nini hasa?

Wape karatasi au fomu fupi wajaze nje ya darasa. Umejifunza nini peke yako mtandaoni ukakijua vizuri? Unatumia kifaa gani kusomea, na kinashirikiwa na wengine nyumbani? Shule yenu ilikuwaje 2020 na 2021? Una majukumu gani nje ya masomo? Kuna kitu gani unadhani mimi sikijui kuhusu watu wa umri wako? Usiwalazimishe kujibu yote. Soma majibu kweli, alafu wiki inayofuata rudi ubadilishe kitu kimoja mbele yao na useme nimebadilisha kwa sababu mliniambia hivi.

Alafu chukua notsi zako za muhula, pigia mstari kila mfano uliotokea kabla ya 2007. Sio lazima uufute. Uongezee sentensi mbili za kuueleza, au muweke mwanafunzi mmoja autafute na auwasilishe.

Na wanaokuja baada ya hawa?

Waliozaliwa 2010, ambao baadhi ya watu wanawaita tayari kizazi cha Alpha ingawa kwa wanaofunga mlango 2012 bado ni Gen Z, wakiingia na miaka 18 wataanza kufika 2028. Corona iliwakuta wana 9 au 10, bado shule ya msingi, umri wa kusoma hadithi ndefu peke yako kwa mara ya kwanza, na akili mnemba iliwakuta wana 12, kabla hata hawajaandika insha yao ya kwanza ya maana. Hiyo karatasi ya hesabu uliyoandika kwa hawa wa 2025 haitawafaa, inabidi iandikwe upya.